Vumbi la Mkaa

Edina aliishi Makole, Dodoma, na mumewe Silvano na binti yao mdogo, Loisi. Walipanga chumba kimoja. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria. Maduka yalijaa vitu, lakini Silvano alikuwa amepunguzwa kazini. Sasa alibeba mizigo sokoni.

Mwezi wa Julai upepo wa baridi ulivuma kutwa. Siku moja Edina alifungua gunia jipya la mkaa. Juu palikuwa na vipande vikubwa. Chini yake palikuwa na vumbi tupu.

Alirudi kwa muuzaji. Yule bwana akacheka.

"Mama, biashara ni huria. Ungekagua kabla ya kununua."

Edina alirudi nyumbani amejaa hasira.

Jioni Silvano aliwasha vile vipande vichache. Akaingiza jiko chumbani ili Loisi apate joto, akafunga mlango na dirisha. Baada ya muda Loisi akasema kichwa kinamuuma. Akaanza kutapika.

Wakati huo jirani yao Tereza alipiga hodi. Tereza alikuwa bibi maendeleo, mfanyakazi wa kata aliyefundisha kina mama. Silvano alipofungua mlango, Tereza aliliona jiko.

"Mtoeni mtoto nje," alisema. "Fungueni dirisha. Hilo jiko litawaua."

Walimkimbiza Loisi zahanati. Mganga akasema wamemuwahi.

"Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu," Tereza aliwaeleza. "Haionekani, wala hainuki. Usilale na jiko chumbani hata siku moja."

Edina alisema kwa uchungu, "Mtu ameniuzia vumbi, akanicheka. Nusura nimzike mwanangu kwa kutafuta joto."

"Una haki ya kukasirika, dada. Ila vumbi lenyewe usilitupe."

"Niibiwe, halafu nishukuru?"

"Usishukuru. Litumie."

Kesho yake walichanganya makopo matatu ya vumbi na kopo moja la udongo wa mfinyanzi. Wakatia maji kidogo, wakafinyanga madonge, wakayaanika juani mpaka yakakauka kabisa. Madonge yale yaliwaka taratibu, nje uani.

Maharage waliyaloweka usiku kucha. Asubuhi wakayachemsha vizuri, wakaepua sufuria na kuifunika. Wakaiweka ndani ya kikapu kilichojaa nguo kuukuu, wakaifunika tena kwa nguo. Maharage yaliendelea kuiva bila moto. Kabla ya kula waliyachemsha tena.

Silvano naye alichukua mablanketi mawili yaliyochakaa. Akaweka gunia safi katikati, akayashona pamoja kwa sindano kubwa. Edina alikunja vitambaa, akaziba nyufa za dirisha palipopitisha upepo.

Lakini hasira haikumwisha. Aliwakusanya majirani, wakaenda pamoja kwa muuzaji.

"Mwaga gunia chini tuone," Edina alimwambia. "La sivyo, mtaa wetu hautanunua kwako."

Safari hii hakucheka. Alilimwaga.

Usiku ule upepo ulipiga mabati kwa nguvu. Jiko lilikuwa limezimwa, liko nje. Silvano alimfunika Loisi kwa blanketi lile alilolishona, mpaka shingoni, halafu akamfunika tena kichwani kwa kanga.

Loisi akaitupa kanga pembeni.

"Baba, acha," alisema. "Nasikia joto."