Utambi wa Katani

Kwa Castory na mkewe Grasiana, pale Mazinde, asubuhi huanza kwa uji na ubishi. Castory ana mizinga minne ya nyuki. Zamani, akishakamua asali, alitupa masega. Mwaka huu Grasiana alimzuia.

"Hii ni nta," alisema. "Nitatengeneza mishumaa."

Ulimi hauna mfupa. Siku hiyo hiyo alitangaza kwenye jumuiya yao ya kanisani: "Sikukuu ya kubariki mishumaa, Jumapili hii, msinunue. Tuko kumi na wawili, na mishumaa yote nitaleta mimi."

Alhamisi alianza kazi. Alichemsha masega kwa maji, akachuja kwa kitambaa, akaiacha nta igande juu ya maji. Hapo alifanya vizuri. Kisha Castory akamletea katani ya kutengenezea utambi.

"Babu yangu alikata mkonge humu humu," alisema Castory. "Uzi gani utaishinda katani?"

Mshumaa wa kwanza ulitoa moshi mwingi, ukazimika. Wa pili vilevile. Wa tatu ndiyo kabisa. Grasiana aliketi jikoni kando ya mumewe, moyo mzito. Jumapili watu kumi na wawili wangesimama kanisani mikono mitupu, kwa sababu ya maneno yake.

"Hodi!"

Alikuwa Mwanaidi, jirani yao. Ni Mzigua wa Mazingara, na kwao wamefuga nyuki miaka mingi.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mtani wangu, mbona unaunguza nyumba?"

Siku nyingine Grasiana, Mnyamwezi, angemjibu mtani wake papo hapo. Leo alimwonyesha tu mishumaa. Mwanaidi alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaomba kikombe cha chai.

Hakuinywa. Alichukua kipande cha katani, na uzi mnene wa pamba kutoka kikapu cha kushonea, akatumbukiza ncha zake kwenye chai.

"Tazameni."

Chai ilipanda upesi kwenye pamba. Kwenye katani ilipanda kidogo, ikasimama.

"Utambi hunywa nta na kuipeleka kwenye moto," alisema Mwanaidi. "Katani ni ya kufungia mzigo. Haijui kunywa."

"Mwenye katani yake anajua sana," alisema Grasiana, akimtazama mumewe. Hata Castory alicheka.

"Na nta umeyeyushaje?" aliuliza Mwanaidi.

"Nimebandika sufuria motoni."

"Usirudie! Nta hushika moto kama mafuta. Itie kwenye kopo refu, kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Ikiwaka, usiimwagie maji kamwe. Funika kwa mfuniko, uondoe kuni."

Walisuka nyuzi za pamba, tatu tatu. Castory akaweka fito kati ya viti viwili, pa kutundikia.

"Chovya, toa," alielekeza Mwanaidi. "Usikawie ndani, utayeyusha nta iliyokwisha kushika. Ngoja ipoe. Chovya tena."

Grasiana alichovya kila utambi karibu mara thelathini. Mkono ulimuuma, lakini mishumaa ilinenepa hadi kufikia kidole gumba. Alitengeneza kumi na mitatu, ili mmoja waujaribu. Waliusimamisha kwenye kisahani, mbali na pazia. Moto ulisimama wima, bila moshi, na jikoni pakanukia asali. Grasiana alimkumbatia Mwanaidi kwa furaha.

Jumapili padri aliibariki mishumaa. Waumini walizunguka kanisa wakiimba, na ile ya Grasiana iliwaka yote kumi na miwili.

Baada ya misa, Bibi Rhoda, mwenyekiti wa jumuiya, alimvuta Grasiana pembeni. Alifungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na mishumaa ya dukani, kumi na miwili.

"Mwanangu, nilijua utatuaibisha," alisema. "Nisamehe."

Grasiana alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bibi," alisema, "ungekuja kwangu Alhamisi kabla ya Mwanaidi, ningekupigia magoti unipe hiyo yote!"