Chihera Kwenye Wimbo wa Mwisho

"Hebu ngoja," Maidei alisema, akivua hedifoni. "Hapo mwisho umemwita nani?"

Garikai alikohoa nyuma ya blanketi walilotundika kuzuia kelele. Kesho Jumatatu madaktari wanamkata koo kuondoa uvimbe, na sauti inaondoka nao. Wiki nzima wamerekodi albamu hapa chumbani, yeye na gitaa, mkewe kwenye kompyuta. Nyimbo za mtu anayegeuka kutazama alikotoka. Huu ulikuwa wa mwisho, wa kumshukuru mke.

"Nimekuita wewe, Mai Kudzai."

"Usinifanye mjinga. Umeimba 'Asante Chihera'."

Kwetu mke akishukuriwa, huitwa kwa ukoo wa baba yake. Maidei ni MaMoyo. Chihera ni binti wa ukoo mwingine kabisa.

"Ulimi umeteleza."

"Ulimi huteleza kwenye njia uliyoizoea. Ni nani?"

Majirani wote walikuwa kanisani. Hapakuwa na kelele ya kujifichia.

"Yuko Bindura," Garikai alisema. "Tangu mwanetu Kudzai aanze shule."

"Na mimi nimekaa hapa namrekodia hawara!"

"Mke wangu, washa. Niimbe upya, sauti bado ipo. Nakuomba, MaMo..."

"Koma! Usilitaje!" Akachomoa waya wa maikrofoni. "Leo ndiyo unaukumbuka ukoo wangu? Nenda kakatwe hivyo hivyo."

Alikwenda, akakatwa.

Maidei alimkuta wodini na bomba shingoni. Alikuwa amembebea uji, akauweka chini, nani angeumeza? Garikai akachukua simu, akaandika. Ya Maidei ikalia mkobani.

"Nisamehe MaMoyo. Nimeachana naye."

Akaisoma, akairudia.

"Jana nimesikiliza albamu yote," alisema. "Toka wimbo wa kwanza. Nimesikia mama yako, nimesikia mgodi, nimesikia hata mbwa wenu wa utotoni. Mimi simo."

Simu ikalia tena. "Ulinizimia maikrofoni."

"Najua." Akamfuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Najua, Baba Kudzai. Kuandika unaweza. Mimi nilitaka kulisikia jina langu."

Garikai akaweka simu chini. Akamshika mkono, akafungua mdomo, midomo ikakutana mara mbili kulitengeneza jina.

Maidei akainama, akatega sikio.

Kilichotoka ni hewa tu, kwenye bomba.