Kitambaa Kisichofuliwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Dobi aliwasha pasi yake ya mkaa. Kibanda chake cha kufulia kilikuwa mbele ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Mtaa mzima ulimwita Dobi. Hata wale waliokaa naye dawati moja darasa la nne, darasa lake la mwisho, walimwita hivyo hivyo.

Mkaa una ubishi wake, hasa ukiwa na unyevu. Lakini Dobi alikuwa na dawa yake. Wateja walileta nguo ndani ya mifuko ya plastiki. Yeye aliuviringa mfuko mmoja, akauwasha kwa kiberiti, akauacha udondoshe matone ya moto juu ya mkaa. Moshi mweusi ulipanda. Punde pasi ikashika.

"Wengine wananunua mafuta ya taa," alikuwa akisema. "Mimi nawasha bure."

Mifuko iliyobaki aliichoma jioni nyuma ya nyumba. Angeipeleka wapi? Lori la taka la manispaa halikuwa limeonekana mtaani tangu mke wake alipokuwa hai.

"Wakubwa wanakula kodi yetu, sisi tunakula moshi," alisema Dobi, akilinyooshea kidole bomba la kiwanda lililosimama ng'ambo ya reli. Mkewe alikohoa mpaka akamtangulia. Dobi hakuwa na shaka yoyote. Kiwanda kile ndicho kilichomuua, na wakubwa walikitazama tu.

Sasa aliishi na mjukuu wake. Walimpa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa haufungi mdomo. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea hata na pasi. Ila siku hizi kifua kilimbana. Kikimbana, Chiriku alinyamaza, akakaa kitandani mabega yakipanda na kushuka. Kimya hicho ndicho kilichomtisha babu yake.

"Mke wangu, leo umeninunia?" alimtania.

Mtoto alitikisa kichwa. Hakuwa na pumzi ya kujibu.

Kwenye zahanati, muuguzi alimpa dawa ya kuvuta. "Mzee, mtoto huyu akae mbali na moshi," alisema.

"Nimwambie nani? Kiwanda kihame?"

Mama yake Chiriku, binti mkubwa wa Dobi, alifanya kazi mji mwingine. Alipopiga simu siku hiyo, hakuzunguka.

"Baba, nisamehe. Nikija likizo na bado anakohoa, nitaondoka naye."

Dobi alikata simu, akabaki ameishika. Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa tayari tangu mkewe aondoke. Bila Chiriku ingekuwa pango.

* * *

Binti yake mdogo, kitinda mimba, alikuwa anasoma chuo. Jumamosi moja alikuja na wenzake wawili. Walikuwa wanafanya utafiti wa hewa.

"Baba, tunataka kutundika vitambaa vyeupe kwenye nyumba mbalimbali, vingine langoni pale kiwandani," alisema. "Tunavipaka mafuta kidogo ili masizi yanate. Baada ya wiki tunavilinganisha. Matokeo tutawaonyesha watu kwenye kituo cha mazingira."

Dobi aliacha kufua. Macho yalimng'aa.

"Na wakubwa watakuwepo?"

"Bwana afya wa manispaa amealikwa."

"Basi vitambaa nitawapa mimi!"

Alitoa shuka kuukuu, nyeupe pe, akaichana vipande. Kile cha kwake alikishonea uzi mwekundu pembeni, kama anavyotia alama nguo za wateja.

"Wa nini, baba?"

"Nawajua wale. Wanaweza kubadilisha. Nataka ushahidi wangu nikiuona niujue."

Alikitundika mwenyewe, kwenye msumari wa dirisha juu ya kibanda.

Siku ya kuvikusanya, Dobi alikuwa amekwenda kuchota maji. Binti yake alikiteremsha kile kitambaa, akakitazama kwa muda, kisha akakitia kwenye bahasha.

Asubuhi ya maonyesho, Dobi alivaa shati alilolipiga pasi mara mbili. Binti yake alimsubiri mlangoni.

"Baba, kabla hatujaenda, kuna jambo kuhusu kile kitambaa..."

"Utanieleza huko huko, mbele yao. Leo hakuna kuchelewa!" Akamshika Chiriku mkono, wakaondoka.

* * *

Kituo cha mazingira kilikuwa jengo la chini lenye miti pande zote. Ukutani kulikuwa na picha za ndege. Kwenye tangi la kioo chura mmoja alitazama watu kwa dharau. Chiriku alimwendea moja kwa moja.

"Babu, huyu kanuna kama wewe!"

Watu wakacheka. Dobi alijifanya hajasikia, lakini moyoni alifurahi. Alishaona kwamba hapa, kwenye miti, mtoto hakukohoa.

Katikati ya ukumbi wanafunzi walifunga kamba, kama kamba ya nguo. Vitambaa vilining'inia, kila kimoja na namba yake. Bwana afya alikaa mstari wa mbele na kalamu mfukoni.

Mwanafunzi mrefu wa miwani alianza kueleza.

"Hiki kilikaa hapa kituoni. Bado ni cheupe. Hiki kilikaa langoni pale kiwandani. Kimechafuka, na ripoti yake tutampa bwana afya leo."

"Asome vizuri!" Dobi alipaza sauti. Watu wa nyuma wakapiga makofi.

"Ila mtaani kwetu tulikuta jambo jingine," mwanafunzi aliendelea. "Siku nyingi upepo husukuma moshi wa kiwanda ng'ambo ile, haufiki kwetu. Na bado kuna nyumba zilizochafuka kuliko lango la kiwanda. Namba saba ndiyo imezidi zote."

Alikigusa kitambaa cha mwisho. Kilikuwa cheusi kama sufuria ya kwenye kuni. Watu wakaguna.

Dobi alisimama. Damu ilimchemka.

"Huyo namba saba ni nani? Mtajeni! Watoto wetu wanakufa vifua, halafu mnamficha kwenye namba? Mtu kama huyo ni wa kufungwa!"

"Mzee, tuliwaahidi wenye nyumba hatutawataja," mwanafunzi alisema kwa upole. Alitazama sakafu.

"Mnamlinda kwa sababu ni mkubwa! Niacheni nikaone mwenyewe."

Alipita katikati ya viti mpaka kwenye kamba. Akakishika kitambaa kama anavyoshika nguo ya mteja, pembe kwa pembe. Kwenye pembe ya chini, ndani ya masizi, kulikuwa na uzi mwekundu. Mshono wake mwenyewe.

Ukumbi mzima ulimsubiri. Alikuwa amejipalia makaa kwa mkono wake.

Binti yake alikuja akasimama karibu.

"Ulijua?" Dobi alimnong'oneza.

"Nilijua, baba. Asubuhi nilitaka kukwambia."

Angeweza kurudi kukaa. Hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona Chiriku kule kwenye tangi, akimsimulia chura habari zake zote, pumzi haikatiki. Dobi aliwageukia watu.

"Namba saba ni mimi," alisema. "Sasa nambieni. Nimefanya nini?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa makamo aliinuka. Ndiye aliyekitunza kituo kile.

"Kaka, jikoni kwako au kibandani, huwa unachoma nini?"

"Mkaa. Nauwasha kwa mfuko wa plastiki. Na mifuko iliyobaki naiteketeza jioni."

"Hapo ndipo penyewe. Plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu na masizi mepesi. Mtoto ana mapafu madogo, na moshi huo unamuumiza upesi."

"Kibanda kiko chini ya dirisha lake," Dobi alisema taratibu, kama mtu anayejisomea herufi. "Na mke wangu? Alilala chumba hicho hicho."

Mama yule alimshika mkono.

"Hilo hatuwezi kulijua leo, kaka. Hata daktari hawezi kukwambia kwa kitambaa. La mtoto ndilo lililo mikononi mwako."

Dobi alijifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akamgeukia bwana afya.

"Mimi nimesema langu. Sasa wewe sema lako. Lori liko wapi? Mfuko nisipouchoma niuweke wapi, kichwani?"

Bwana afya alitoa kalamu yake, akasema atafuatilia.

"Andika na jina langu," Dobi alisema. "Nitakuja kukuulizia."

* * *

Kesho yake Dobi alibomoa kibanda. Alikijenga upya mwisho wa ua, mbali na dirisha, mahali upepo unapotoka nyumbani kwenda barabarani.

Ili apate cha kuwashia mkaa, alikwenda kwa fundi seremala kuomba maranda, yale mabaki mepesi yanayotoka kwenye mbao zikipigwa randa. Aliyakausha juani, na mkaa pia. Aliwasha pasi uani, na Chiriku alikatazwa kusogea mpaka moshi uishe.

"Kwani maranda hayatoi moshi?" jirani alimuuliza.

"Kila moshi ni mbaya. Lakini huu ni kidogo, na hauna ile sumu ya plastiki."

Mifuko aliifua. Alikuwa dobi, mfuko ungemshinda? Aliianika kambani, akawarudishia wateja nguo ndani yake. Mibovu aliiweka kwenye gunia. Alimfuata bwana afya ofisini hadi makarani wakamzoea kama mwenzao. Hatimaye lori likaja. Wiki nyingine halikuja, naye akarudi kule kule ofisini, mikono kiunoni.

Muuguzi alisema dawa ya kuvuta isiachwe mpaka aseme yeye. Dobi hakuiacha. Chiriku akaanza kulala usiku kucha.

Likizo ikafika. Binti mkubwa alikuja na begi tupu la nguo za mtoto. Chiriku alimpokea getini na habari za chura, za seremala, za lori, za jirani aliyeanguka kisimani akatoka na samaki. Chai ikanywewa, ikaisha, bado anaongea.

"Baba, hivi huyu huwa hanyamazi?"

"Ukitaka anyamaze, mpeleke kwako."

Mama yake Chiriku alicheka. Alilisukuma begi chini ya kiti kwa mguu. Kisha macho yake yakaenda ukutani mwa kibanda. Katikati ya mashati meupe yaliyonyooshwa kilining'inia kitambaa kimoja, cheusi tititi, na uzi mwekundu pembeni.

"Baba, dobi mzima, umeshindwa kukifua hicho?"

Dobi alipuliza majivu kwenye pasi.

"Hicho," alisema, "hakifuliwi."