Mzigo Usiokaa Chini

Godoro lilibonyea upande wa miguuni, kama mtu anapokaa kitandani kuvua viatu, na Adelina hakushtuka, maana alidhani ni mumewe karudi mapema. Ilikuwa saa saba mchana. Pazia lilikuwa limefungwa fundo ili hewa ipite, na huko nje mafundi bati wa Ng'ambo, hapo Tabora, walikuwa wakigonga majiko yao kama siku zote. Alitaka kusema, "Baba Samweli, chakula kiko kwenye hotipoti." Mdomo haukufunguka.

Akajaribu kugeuza shingo, shingo ikakataa. Mikono nayo ikakataa. Macho tu ndiyo yaliyomtii. Uani, hatua tatu kutoka dirishani, jirani yake Getruda alikuwa akipepeta mchele huku simu kaibana kwa bega, anasimulia harusi ya watu na kucheka kile kicheko chake cha kupaliwa. Adelina akamwita kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na haikutoka sauti hata ya kumfukuza inzi. Ndipo kitu kikawekwa kifuani pake. Hakikurushwa. Kiliwekwa kwa uangalifu wa mtu anayeijua kazi yake, upande mmoja kwanza, kisha wa pili.

Alipokuja kuzinduka, kanga ilikuwa imelowa jasho na chumbani hamkuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya jasho la siku nyingi na majivu yaliyomwagiwa maji. Akatoka uani akamuuliza Getruda kama mumewe, Gerson, amepita. Getruda akasema hajaona hata kivuli chake.

Kulala mchana hakukuwa uvivu. Adelina aliamka saa tisa usiku kila siku kukoroga na kuchoma vitumbua, akavipeleka stendi kabla jua halijapanda, na saa sita alikuwa hoi. Usingizi ule wa mchana ndio uliomweka mjini. Sasa ukageuka mtego. Siku ya pili alikabwa, ya tatu akakabwa, na kufikia wiki ya pili nyumba nzima ilikuwa na la kusema. Getruda alisema ni jinamizi, aweke Biblia chini ya mto. Mpangaji wa chumba cha mwisho alisema ni husuda ya wauza chapati. Padri alimwombea vizuri sana, na kesho yake Adelina akakabwa kama kawaida.

Gerson ndiye aliyempeleka hospitali. Alikuwa kuli kwenye maghala ya mpunga, mtu wa shingo nene na mabega ya kubebea magunia, na alipenda mambo yanayoelezeka. Daktari kijana aliwaeleza bila dharau. "Ubongo unaamka, mwili bado umelala. Unahisi kubanwa, unaweza hata kuona mtu. Ni uchovu, mama. Jitahidi ulale usiku, na usilale chali."

"Si nilikwambia," Gerson akasema njiani, amefurahi kama aliyeshinda kesi.

Adelina akalala ubavu. Siku sita hakikuja kitu, naye akaanza hata kuimba anapokoroga unga. Siku ya saba alikuwa amelala ubavu wa kulia, uso ukutani, mwili umekwisha kufa ganzi, aliposikia viganja viwili vigumu, vyenye sugu, kimoja begani na kingine nyongani, vikimgeuza polepole mpaka akalala chali.

Hapo akamwona. Alikuwa mwanamume mkondefu, kajifunga shuka kuukuu kiunoni, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Shingo yake ilikuwa fupi, imezama mabegani, na kichwa alikiinamisha mbele kama bado kuna kitu juu yake. Mkononi alishika ngata ya nguo iliyosokotwa, ile ya kukalia mzigo kichwani. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekuahidi kitu na umechoka kumkumbusha, kisha akainama, akauweka mzigo mahali pake, na Adelina akakumbuka Kigwa.

Ilikuwa miezi miwili nyuma. Alikwenda kununua mchele Kigwa, na kwenye kinjia cha kandokando ya reli, jua la utosi, akakutana na mtu kabeba mzigo mrefu uliozungushiwa mkeka na kufungwa kwa kamba za magome. "Dada, nitue," mtu yule alimwambia, "shingo imekufa." Kwao mtu hasubiri kuombwa mara mbili. Kumtua mwenye mzigo ni kama kuitikia shikamoo. Adelina aliweka debe lake pembeni, akaushika ule mzigo upande mmoja, wakaushusha pamoja. Ulikuwa wa moto, akadhani ni jua. Basi likapiga honi barabarani. "Nisubiri kidogo, napandisha debe langu, nakuja kukutwika," akamwambia, na alimaanisha. Konda akamsukuma ndani, mlango ukafungwa, basi likaondoka. Alikumbuka wakiwa wamefika mbali. Akaona aibu kidogo, akajisemea atapita mwingine wa kumtwika.

Hakumweleza mumewe. Alikwenda peke yake kwa Bibi Ngollo, mganga wa upande wa Kwihara, akamkuta anabangua karanga na redio iko wazi. Bibi hakuwa na vibuyu wala mikia ya nyumbu. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Umekuja na nani?"

"Peke yangu." Akamsimulia yote kwa sauti ya chini, kana kwamba redio ingeweza kumsikia.

"Kwa hiyo ulimtua," Bibi Ngollo akasema.

"Nilimtua."

"Ukamtwika?"

Bibi akaweka ungo chini na kuzima redio.

"Njia ile walipita wapagazi kabla reli haijalazwa," akasema. "Msafara haukumngoja mtu. Ukimtua mwenzio unabaki naye mpaka umtwike. Ukimwacha, umemwacha porini na mali ya watu. Wengine walibaki hivyo hivyo."

"Ni mzimu au ni jini, bibi?"

"Mwite utakavyo, hataitika. Sikiliza lililo kubwa. Mzigo ule haukai chini. Unakaa juu ya mtu, basi. Siku ile ulidhani umeuacha pale njiani. Hukuuacha, mwanangu. Uliondoka nao."

Dawa ilikuwa nyepesi kuitaja. Mtu yule akija, mzigo unyanyuliwe kifuani, atwikwe mwenyewe kichwani, aende zake. Adelina asingeweza, maana mwili wake wakati ule haukuwa wake. Basi aunyanyue mwingine wa damu au wa ndoa, aliye macho. Hatamwona mgeni, ila mzigo ataushika.

"Na asipofanya?"

"Kila siku unaongezeka, umeona mwenyewe. Utafika mchana ambao hutazinduka."

Gerson aliposikia alicheka, tena sana. Kisha akamtazama mkewe, mifupa ya kifua imechomoza, macho yameingia ndani, akaacha kucheka. "Mzigo tu?" akasema. "Mimi nabeba gunia mbili kwa mpigo, nitashindwa na mzigo wa ndotoni? Lala, mama Samweli. Nitakuwepo." Adelina alimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yao. Wakapatana ishara: kwa kuwa hataweza kusema, atamwonyesha kwa macho mahali aliposimama mgeni.

Kesho yake Gerson hakwenda ghalani. Saa sita na nusu alikaa kwenye stuli kando ya kitanda, mikono kaipaka unga mkavu isiteleze, kama anavyofanya kazini. Nje walikuwa wakigonga bati. Getruda alikuwa uani akifua na kuimba kwa pua. Adelina akafumba macho, akidhani hatapata usingizi, na usingizi ukamchukua palepale.

Godoro likabonyea. Akafumbua macho, mwili umekwisha kukauka, na mgeni alikuwa amesimama miguuni, ngata mkononi, na mzigo ulikuwa tayari kifuani, mzito kuliko siku zote, hata pumzi ikawa inaingia kidogo kidogo, kama ya kuiba. Akayazungusha macho kwa mumewe. Gerson akainuka, akatanua mikono juu ya kifua cha mkewe ambapo yeye aliona hewa tupu, akatabasamu kidogo kwa haya, akashusha mikono, na tabasamu likamtoka usoni.

"Yesu," akasema taratibu.

Akaushika. Mishipa ya shingo ikamsimama, magoti yakakunjika kisha yakanyooka, na Adelina akahisi uzito ukimtoka kifuani, hewa ikaingia mpaka ndani kabisa, hewa tamu yenye harufu ya sabuni ya Getruda, ya kwanza kwa siku nyingi, ingawa mwili bado ulikuwa umefungwa na ulimi bado ulikuwa jiwe.

"Una joto," Gerson alinong'ona. "Adelina, kitu hiki kina joto. Yuko wapi? Nionyeshe kichwa kiko wapi."

Akamwonyesha kwa macho, miguuni pa kitanda. Gerson akapiga hatua, mikono imeinuka na kile asichokiona, akausogeza mbele kwa usahihi kabisa, na mgeni akarudi nyuma hatua moja. Adelina akadhani ni bahati mbaya. Akasogeza macho tena, Gerson akafuata tena, na mtu yule akarudi tena, na safari hii akashika shingo yake kwa mkono, akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, taratibu, kama anayejaribu nguo mpya na kuona imemkaa, na uso wake, ambao siku zote ulikuwa wa mtu anayedai, ukalegea ukawa wa mtu aliyepumzika na asiyetaka tena kurudi njiani, naye Adelina akaelewa lile ambalo Bibi Ngollo hakulijua, na hakuwa na mdomo wa kulisema, akabaki akiyazungusha macho mlangoni, dirishani, mlangoni, huku mumewe akizunguka chumba kidogo kile na mzigo mikononi, akigonga stuli, akigonga kabati, jasho likimchuruzika mpaka kwenye viwiko, akiuliza kwa sauti ndogo ya mtoto, "Yuko wapi, yuko wapi, mke wangu, mikono inakatika," mpaka mgeni alipofika kizingitini, akaidondosha ngata yake sakafuni, akatoka nje kwenye jua, akapita karibu kabisa na Getruda aliyekuwa anaimba.

Adelina akayatuliza macho. Hapakuwa na mahali pa kuonyesha.

Gerson alielewa. Alijaribu kuuweka sakafuni, akainama mpaka vidole vikagusa saruji, na mzigo haukuachia mikono yake. Akainuka nao kwa shida. Kilichobaki ni kichwa chake mwenyewe. Aliunyanyua kidogo kuelekea kichwani, ukafika usawa wa kidevu, akasimama hapo, akamtazama mkewe. Adelina alimwomba kimoyomoyo asifanye hivyo. Alimwomba pia afanye. Maombi yote mawili yalikuwa ya kweli, na hakujua lipi lilikuwa na nguvu zaidi.

"Nisamehe," Gerson akasema.

Akauweka kifuani pa Adelina, upande mmoja kwanza, kisha wa pili.

Alizinduka jua likiwa limeelemea. Kizingitini hapakuwa na ngata. Gerson alikuwa uani, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Getruda alipouliza kwa kunong'ona kama mkewe amekabwa na leo, Gerson akajibu kwamba hakuna kilichotokea, mkewe alilala tu kama mtu yeyote.

Jioni Adelina alimwekea chai. Gerson alikishika kikombe kwa mikono miwili na bado kikatetemeka, chai ikamwagikia suruali. Kwenye mikono yake, toka kiganja mpaka kiwiko, palikuwa na alama nyekundu za kamba.

"Daktari alisema ni uchovu," akasema, macho yakiwa kwenye kikombe. "Tupunguze vitumbua. Ukilala usiku, itakwisha yenyewe." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo lile kwa upole.

"Ndiyo," Adelina akajibu. "Ni uchovu." Akakichukua kikombe, akamnywesha. Hakumchukia. Angetamani amchukie, ingekuwa nafuu.

Nje mafundi bati wakafunga kazi.

"Samweli wanafunga shule lini?" Gerson akauliza.

"Ijumaa."

"Amekua yule." Alikohoa. "Likizo iliyopita alinyanyua gunia la mahindi peke yake. Uliona mwenyewe. Ana nguvu kuliko mimi nilipokuwa na umri wake."

Alisema akitazama ukuta.

Adelina akachukua simu. Kifua kilikuwa kinamuuma kila alipovuta pumzi, akaandika polepole, herufi moja moja, kwa mwalimu wa bweni kule Nzega: Samweli asije Tabora, apandishwe basi aende kwa shangazi yake Suzana, Igunga, likizo hii na zinazofuata. Akasoma mara mbili, akatuma.

"Unamwandikia nani?" Gerson akauliza.

"Mteja," akasema. "Anataka vitumbua vya asubuhi."