Mdundo wa Vuai Mlangoni

"Vuai! Mbona hupokei simu?"

"Haiko Vuai, dada. Niko Murielle, nasukaka nywele hapa Hillbrow. Hii telefone nimeiokota barabarani, ku robot, ku taa za magari. Iko na damu."

Mayasa akakaa chini palepale.

"Mwenyewe je?"

"Sikumuona. Watu wenye marungu wamepita, wanafukuza wageni. Usifungulie mtu!"

Simu ikakatika. Mtaa wote wa Bellevue, hapo Johannesburg, ulikuwa kimya mchana kweupe, hata spaza, kiduka cha jirani, imefungwa. Vuai, aliyeanzisha kikundi cha kidumbak, ngoma ya shamba ya Unguja, alikuwa amekwenda kupiga fidla harusini. Mayasa, mwimbaji wake na mpenzi wake, alikuwa amemkataza asitoke, kwa kuhofia ghasia.

"Ukienda leo, mimi na wewe basi tena!"

"Nimeshawaahidi watu, Mayasa. Bibi harusi atolewe kimya kama maiti?"

Akaenda. Baadaye ikaingia meseji: "Nikirudi nakwenda kwa kaka yako kuposa. Utanikubali?" Mayasa, kwa kiburi chake, hakujibu. Sasa aliisoma tena na tena.

Vishindo vikasikika ngazini, wanaume wakipiga kelele kwa Kizulu. Mlango ukagongwa.

"Nani?"

Kimya.

"Sema, nani wewe?"

Kimya. Mayasa akashika kisu.

Halafu vidole vikaanza kugonga ubao, polepole. Ule ulikuwa mdundo wa Vuai wa kufungulia ngoma, na siku zote haanzi wimbo mpaka Mayasa amjibu kwa makofi.

Akaweka kisu, akajibu kwa vidole, ndipo akafungua. Vuai akaingia, mkono mmoja umefungwa kitambaa chenye damu, fidla kaikumbatia.

"Mbona hukusema ni wewe?"

"Wako hapo chini ngazini. Wakisikia Kiswahili changu, tumekwisha sote."

Wakakaa sakafuni nyuma ya mlango, wameshikana, mpaka vishindo vikapotea mtaani.

"Meseji yangu hukuijibu," Vuai alinong'ona.

"Si nimekujibu mlangoni?"

"Hilo la ngoma. La posa je?"

Mayasa akaushika ule mkono mzima wa Vuai, akaufungua, akamgonga kiganjani kwa vidole, taratibu, jibu lilelile la mlangoni.