Wageni wa Fundi Sudi

Katika mtaa wa Biryogo, Kigali, watu walijua saa kwa mlio wa cherehani ya Sudi Bizimana. Ikianza kulia barazani, asubuhi imefika. Ikinyamaza, adhuhuri imeingia na fundi amekwenda kuswali. Kwa miaka ishirini Sudi alishona kanzu, suruali na sare za shule, ameinama juu ya kitambaa kama mtu anayetafuta sindano.

Mwaka 1986 cherehani ilianza kunyamaza saa zisizo zake. Maumivu yalitoka kiunoni, yakapita pajani, yakashuka hadi vidoleni. Mguu wa kulia ulikufa ganzi, ukashindwa kukanyaga pedali. Hospitalini daktari alisema diski moja ya mgongo imetokeza nje na inabana mshipa wa fahamu. Sudi alipasuliwa. Siku ya kumi alirudi nyumbani kwa miguu yake. Mkewe, Swafiya, alilia kwa furaha mbele za watu.

Kabla ya kutoka hospitalini, muuguzi alimwambia: "Usiiname. Usiinue kitu kizito. Usikae kitako muda mrefu."

Sudi aliitikia kila neno. Lakini moyoni alijiambia, kukaa si kazi, kukaa ni kupumzika.

Sasa, Biryogo tuna adabu nyingi, na adabu nyingine huvunja mgongo. Mgonjwa akirudi, mtaa mzima huja kumsalimia. Walikuja mafundi wenzake, walikuja wateja, walikuja hata watu waliokuwa hawajalipa nguo zao. Sudi alikataa kuwapokea amelala.

"Baba Hadija, lala kidogo," Swafiya alimwambia.

"Mgeni anikute chali kama maiti? Leta kiti."

Akakaa kwenye kiti kifupi tangu alasiri hadi isha. Kila mgeni alipoingia, Sudi aliinuka. Kila mgeni alipotoka, aliinuka tena. Aliinama kuwasogezea wageni sahani za sambusa. Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo.

Siku ya tatu aliinama kuokota kikombe, akapiga kelele. Maumivu yaleyale yalikuwa yamerudi mguuni.

"Operesheni imeshindwa," alisema. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. "Swafiya, mimi sitashona tena."

Wageni walianza kutoa hukumu. Mmoja alisema asisogee kitandani miezi mitatu. Habiyaremye, rafiki yake anayeuza vitambaa Gatsata, alisema: "Iko mama mmoja kule kwetu anakanda na siagi. Anakanda kwa nguvu sana, mpaka mifupa inalia. Nimuite?"

Swafiya aliogopa. Alijifunga kitenge chake, akatoka mbio kwenda kwa jirani yao Mukandekezi. Mama huyu alifanya kazi hospitalini, akiwafundisha waliopasuliwa kutembea tena.

Mukandekezi aliingia, akasalimu, kisha akauliza bila haya: "Fundi, unakojoa vizuri? Iko ganzi katikati ya mapaja?"

"Oya, hapana, muganga. Nakojoa vizuri, na ganzi ni vidoleni tu."

"Inua vidole vya mguu. Sukuma mkono wangu. Vizuri, nguvu iko." Akatazama kidonda. Kilikuwa kikavu, hakina usaha, na Sudi hakuwa na homa. "Nani anataka kupaka siagi hapa?"

Habiyaremye aliangalia dari.

"Hakuna siagi, hakuna majani, hakuna kukanda," alisema Mukandekezi. "Kidonda kikae kikavu na kisafi. Sasa sikia, fundi. Kati ya mifupa ya mgongo iko vitu laini, kama mito midogo. Mto wako mmoja ulipasuka, pamba ikatoka, ikabana mshipa. Daktari aliondoa ile pamba. Lakini tundu la mto bado halijaziba. Wewe ukishona nguo iliyochanika, unaivuta siku hiyohiyo?"

"Siwezi. Itachanika tena."

"Na wewe unavuta! Ukikaa muda mrefu unabana ule mto. Ukiinama unaubana zaidi. Kukaa si kupumzika."

Neno la muuguzi lilimrudia Sudi, akaona aibu.

"Basi nilale tu?"

"Oya! Ukilala tu, nyama za mgongo zinalegea. Dawa yako ni kutembea. Kidogo, mara nyingi. Kukaa, dakika kumi na tano, basi unasimama."

Akamfundisha kutoka kitandani: kwanza alale ubavu, mabega na nyonga vigeuke pamoja, kisha ashushe miguu na kujisukuma kwa mikono. Kuhusu sala, Swafiya alikumbusha kwamba mgonjwa huruhusiwa kurukuu na kusujudu kwa ishara.

"Kesho nenda daktari akuone," Mukandekezi alimaliza. "Na siku yoyote ukishindwa kukojoa, mkojo ukitoka wenyewe, ganzi ikiingia katikati ya mapaja, mguu ukilegea, kidonda kikitoa usaha au ukipata homa, usiningoje. Hospitali saa ileile."

Kesho yake daktari alimpima, akasema maneno yaleyale.

Bado kulikuwa na jambo moja. Wageni je? Sudi alisema ni heri mgongo uume kuliko kumfukuza mgeni mlangoni.

Swafiya alicheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tutampa matembezi."

Akaondoa viti vyote barazani. Kila aliyekuja aliambiwa: "Karibu! Mgonjwa anakungoja, mtembeze." Wengine walishangaa, lakini nani angekataa? Wiki ya kwanza walimfikisha kwenye geti la Nsengiyumva muuza mikate. Wiki ya pili, msikitini. Wiki ya tano Habiyaremye alimpeleka hadi barabara ya lami na kumrudisha, akihema kuliko mgonjwa.

"Mimi ndiye ninaumwa!" alilalamika, na Sudi akacheka mpaka akashika kiuno.

Miezi miwili ilipotimia, daktari alimruhusu kushona, kidogo kidogo. Mukandekezi alikuja kutazama. Walipandisha meza ya cherehani juu ya vipande vya mbao ili fundi asiiname, na wakapata kiti kirefu chenye mgongo. Kisha wakakubaliana: kila uzi wa chini, ule mfupi unaozungushwa kwenye bobini, ukiisha, Sudi atasimama na kutembea kabla ya kuweka mwingine.

Asubuhi hiyo Sudi aliweka mguu wa kulia kwenye pedali. Kidole kidogo kilikuwa bado na ganzi. Akakanyaga. Gurudumu likazunguka, na katika nyumba ya jirani mtu akapiga kigelegele.

Swafiya alikuwa jikoni, machozi yakimtoka. Alikuwa hajayafuta, cherehani ikanyamaza ghafla.

Mwaka mzima, ukimya ule ulikuwa na maana moja tu. Aliacha mwiko chunguni, akakimbilia barazani.

Kiti kilikuwa kitupu. Sudi alikuwa njiani, amenyooka, anaelekea kwa Nsengiyumva.

"Uzi wa chini umeisha, Mama Hadija!" alimwambia kwa sauti. "Nikuletee mkate?"