Alimkana Mbele ya Mama

"Silvano, yule binti unamfahamu? Mbona anakutazama sana?"

Evarista alimnong'oneza mwanawe wakiwa kwenye mkutano wa kijiji, Chemba. Mbele yao Devota alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kueleza alivyogundulika kuwa na virusi vya UKIMWI, anavyotumia dawa za kurefusha maisha, na kwa nini kikundi chao cha Nzuguni, pembeni mwa Dodoma mjini, kinazunguka vijijini kuhimiza watu wapime.

Silvano alimfahamu vizuri. Alikuwa mchumba wake. Kabla hata hawajashikana mikono Devota alimweleza hali yake, naye akasema atampenda hivyo hivyo. Akapima, akakutwa salama, wakajifunza kujikinga. Lakini hayo yote yalikuwa Dodoma mjini, kwenye chumba cha kupanga. Hapa palikuwa kwao, na majirani walikuwa wametega masikio.

"Hapana, mama. Simfahamu."

Devota alikuwa amefika karibu yao akigawa vipeperushi. Alisikia. Akamwamkia Evarista, akampa kipeperushi kwa mikono miwili, akaendelea na wengine. Evarista alikiacha kikaanguka, akafuta vidole kwenye kanga. Silvano aliona yote, akatazama pembeni.

Jioni alipiga simu, haikupokelewa. Baadaye ukaingia ujumbe:

"Nimesikia ulivyosema. Na iwe hivyo. Usinitafute."

Alimtafuta. Alimkuta Nzuguni, uani kwa mgonjwa mmoja wa kikundi, akifua mashuka.

"Devota, niliona aibu."

"Aibu ya ugonjwa wangu, au ya kunipenda?"

Devota akakamua shuka, akaanika. Akamwambia kwamba mikutanoni ameshatukanwa na watu wengi na hajawahi kulia, ila siku ile alilia njia nzima mbele ya wenzake. Kisha akaingia ndani kwa mgonjwa wake.

Silvano akapanda basi kurudi Chemba. Alimweleza mama yake kila kitu akiwa ameinamisha uso. Alitarajia kufukuzwa.

"Kwa hiyo aliniamkia akijua mimi ni mama yako," alisema Evarista. "Na wewe ukaniacha nijifute mikono mbele yake."

"Ndiyo, mama."

"Umetufedhehesha wote wawili. Nipeleke kwake."

Walimkuta Devota Nzuguni, amekaa ndani mkekani na wanawake wa kikundi. Silvano alibaki mlangoni. Evarista akaingia, akamshika Devota mikono yote miwili.

"Mwanangu, nilikufuta kama uchafu. Nisamehe."

Devota aliinama, machozi yakamtoka. "Nimekusamehe, mama. Karibu ukae."

"Na huyu niliyemzaa? Bado unampenda?"

"Nampenda. Ila nimeanza kumwogopa. Siku nikizidiwa, nitajuaje kama hatanikana tena?"

Silvano aliyasikia akiwa pale pale mlangoni. Bora angetukanwa. Akavua viatu, akaingia, akapiga magoti mbele ya wanawake wale wote.

"Mimi ndiye mchumba wa Devota," alisema. "Nilimkana mbele ya mama yangu, na hakuwa amenikosea lolote."

Devota alisogea kidogo, nafasi ikapatikana mkekani.

"Keti," alisema bila kumtazama. "Lakini leo usinidai jibu."

Silvano akaketi kando ya mama yake. Hakudai.